Kitambaa Juu ya Kitambaa

Kwanza ulisikika msumeno wa umeme ukikwaruza, kisha mtu akapiga ukelele. Tunu, muuza chai, alitua birika mlangoni akaingia mbio kwenye karakana ya mbao. Mwenye karakana, Bwana Shemboko, alikuwa sakafuni, damu ikimruka mkononi.

"Mmwagieni unga wa kahawa, damu ikauke!" fundi mmoja alipaza sauti, kopo tayari mkononi.

"Thubutu!" Tunu alisema. "Kahawa hiyo ndiyo mliyommwagia kaka yangu, mkamzika nayo."

Fundi akalishusha kopo. Mwaka uliopita msumeno huo huo ulimkata kaka yake, Sudi. Shemboko alisema ni uzembe wa Sudi mwenyewe, akaamuru kazi iendelee. Baada ya matanga, Tunu alikwenda kwa muuguzi akajifunza kuzuia damu.

Alimlaza Shemboko chali, akauinua mkono, akakunja mtandio wake na kuukandamiza juu ya jeraha kwa nguvu zote. Ulipolowa hakuutoa. Alivua kanga yake ya juu, akaiweka juu ya mtandio, akakandamiza tena.

Shemboko alifumbua macho, akamtambua.

"Tunu... usiniachie, mwanangu."

Angelegeza kidogo tu, Sudi angekuwa amelipiwa kisasi.

"Mimi si mwanao," alimwambia sikioni, akizidi kukandamiza. "Na hufi leo. Utapona, kisha nitakushika mkono huu huu nikupeleke kwa mama, umweleze kwa nini uliing'oa kinga ya msumeno uliomuua Sudi. Naapa, Shemboko, sikuachii."