Bakuli Tupu

Mama Eliabu alisimama mlangoni kwa Rahema na bakuli lake, hajui aangalie wapi. Ndiye aliyemzushia Rahema uchawi kule kanisani. Halafu alipougua, Rahema akamletea uji wiki nzima kwa bakuli hilohilo.

"Sina hata unga wa kuweka humu," alisema. "Na bakuli la mtu halirudi tupu. Nipe nguo nikufulie, labda Mungu atanisamehe."

"Dada, wokovu ungekuwa wa kufua, madobi wote wangeshafika mbinguni."

Mama Eliabu hakucheka.

"Mimi ndiye niliyekuita mchawi."

"Najua. Nilijua hata nilipokuwa nakoroga ule uji."

Rahema alinyoosha mikono yote miwili kulipokea bakuli. Mama Eliabu alishindwa kuliachia.