Tiketi ya Kiti cha Kumi na Nne

Kila Jumamosi ya mechi hapa Ohio, mashabiki wa timu ya chuo huchoma soseji nje ya uwanja wakisimuliana timu ilivyowaingia damuni. Wendell huonyesha tiketi kuukuu aliyoinunua mnadani, akiapa kwamba fainali ile ya zamani iliyochezwa thelujini aliitazama uwanjani, akiwa kiti cha kumi na nne. Kumbe aliitazama kwa shangazi yake, kwenye televisheni.

Leo bibi mmoja mgeni aliishika tiketi ile, akaisoma namba ya kiti.

"Mume wangu alikaa cha kumi na tano. Alifia palepale, tulipofunga. Miaka ishirini nakutafuta, mwanangu. Alisema nini kabla ya kukata roho?"

"Mwambie basi!" wenzake Wendell walimhimiza. "Si huwa hunyamazi wewe?"

Soseji ziliungua, asizigeuze mtu. Wendell akafumbua kinywa.