Mkoromo wa Mtani

Siku tuliyomzika mume wangu Mhina, mto wangu wa kulalia ulinyamaza. Siku hizi hakuna alalaye bila mto unaoleta pumzi za mtu mmoja aliyesajiliwa, aliye hai. Wangu ulileta mkoromo wake kwa miaka kumi na tisa, hata aliposafiri.

Nilikunywa maziwa ya moto, nikaosha miguu, nikahesabu pumzi zangu mwenyewe, usingizi wapi! Ofisi ya mtaa ikanionya kwamba arobaini ikipita sijasajili mwingine, mto utachukuliwa. Sikutaka pumzi za mtu mwingine sikioni mwangu.

Mchana wa arobaini akaja mtani wetu Kabula, Mnyamwezi. Akajivika kanzu ya marehemu, akajilaza mkekani katikati yetu, akakoroma kama yeye, mpaka ule mluzi wake wa kumalizia kila mkoromo.

"Nyie Wazigua," akasema akiinuka kuketi, "huyu si alikuwa anakoboa mahindi usiku kucha!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, nikaegemea bega lake. Nilipofumbua macho jua lilikuwa linazama, na Kabula hakuwa amesogeza hata mkono.

"Nisajili mimi, shemeji," alisema. "Ila nitakoroma kikwetu, usije kulalamika."

Mkoromo wake ni mzito, hauna mluzi. Wiki iliyopita nilijaribu kuukumbuka ule mluzi nikachelewa kuupata, ndiyo maana nauandika hapa. Sasa nalala saa nne, naamka alfajiri.