Mstari Ndani ya Ngitili

Fito za lango zilipoondolewa, ng'ombe thelathini wa kitongoji waliingia kwenye ngitili, malisho yaliyofungwa tangu masika ili yaliwe kiangazi. Wote walisongamana kando ya njia, penye nyasi nene zenye majani. Hatua ishirini ndani, nyasi zilikuwa ngumu, rangi ya makapi, na hakuna ng'ombe aliyevuka.

Lugembe, msimamizi wa ngitili, aliutazama mpaka ule. Ulikuwa umenyooka kana kwamba umepimwa kwa kamba. Mwezi wa tatu alikabidhiwa mifuko minane ya mbolea ya urea ainyunyize ngitili nzima. Mmoja aliumwaga pale wapitapo watu. Saba iliishia kwenye mahindi yake.

"Ng'ombe hawakusoma," mzee mmoja alisema, "lakini mstari wanaujua."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika.

Bibi mmoja alikuwa amemshika ng'ombe wake wa pekee, mbavu zote nje. "Baba," alimwambia Lugembe, "huyu wangu wenzake wamemsukuma nje. Nimpeleke wapi?"

Lugembe alivua kofia. Jasho lilikuwa limeloanisha ukingo wake.

"Mpeleke shambani kwangu, bibi," alisema. "Mabua ya kule yamenenepa."