Tundu kwenye Gazeti la Ukutani

"Habari ya maharage yenye wadudu iondolewe, la sivyo gazeti halibandikwi," alisema Mwalimu Kigodi, anayefundisha darasa la uandishi.

Zawena, mhariri, akaikata kwa mkasi. Kisha akalibandika gazeti nje ya bwalo na tundu lake katikati, ukuta unaonekana. Kichwa tu alikiacha: TUNACHOKULA.

Shule nzima ikajazana pale.

"Dada mhariri, umbea wetu uko wapi?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Mwalimu kaikataza karatasi. Ukuta hajaukataza." Zawena akanyanyua chaki. "Aliyekula maharage jana aandike mwenyewe."

Wakasukumana, wakicheka kwa woga, hakuna aliyeipokea. Zawena hakuushusha mkono.

"Nipisheni, wanangu," ilisikika sauti ya Mama Semeni, mpishi, akija huku akijifuta majivu ya mikononi kwenye kanga ili aipokee chaki.