Panya wa Chini ya Boneti

Jioni gari lilinguruma mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Asubuhi lilikuwa bubu.

Mzee aligeuza ufunguo mara ya tatu, akashuka, akafungua boneti. Alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka thelathini na sita, na utaratibu wake haukuwahi kubadilika: moto, mafuta, hewa. Akaanza na moto. Waya wa koili ulikuwa umechomoka. Akaja kwenye mafuta, akasema mpira umeziba kwa uchafu, akamtuma mkwe wake ndani akalete tambara. Mkwe aliporudi, uchafu ulikuwa umeshatoka. Akamalizia na hewa, na humo kwenye chujio akavuta kipande cha kitambaa.

"Panya," alisema. "Panya wa nyumba hii wamesoma."

Mkwe aliafiki haraka kwamba ni panya tu, hakuna kingine.

Gari lilikuwa la huyo mkwe, fundi cherehani, aliyelinunua likiwa bodi tupu. Injini ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka, betri ilihamishiwa kwenye buti kwa kukosa nafasi, na viti alivishona mwenyewe kwa kitambaa cha maua ya njano kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Aliposhindwa kabisa kuioanisha injini hiyo na giaboksi ya zamani, mkewe akampigia simu baba yake. Mzee akaja na begi moja na sanduku la vifaa. Alikuja kwa wiki mbili, na sasa mwezi wa tatu ulikuwa unakatika.

Binti yake, ambaye alikuwa muuguzi, hakuona ubaya wowote. Tangu mama yake afariki, baba aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, akila mkate mkavu na kubishana na redio. Hapa mashavu yalikuwa yameanza kujaa, na juzi alimsikia akipiga mluzi bafuni. Alimwomba ahamie kwao moja kwa moja, mzee akakataa katakata. Alisema yeye si mtu wa kukaa kwa watu bila kazi, akipishana na ufagio. Siku gari litakapowaka asubuhi, likiwa baridi, kwa kugeuza ufunguo mara moja tu, kazi itakuwa imekwisha na yeye atarudi kwake. Kwa hiyo kila jioni injini iliponguruma, binti alipiga makofi kama wengine, lakini roho ilimuuma.

Malalamiko yote yalimwishia yeye. Chumbani, mumewe alilalamika kwamba mzee amekikalia kiti chake na anasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Jikoni, baba yake alilalamika kwamba mwanamume anayekata nyaya kwa mkasi wa nguo hafai kukabidhiwa hata baiskeli. Kila mmoja aliapa kwamba anaisubiri kwa hamu siku hiyo ya gari kuwaka. Lakini akichungulia dirishani aliwakuta wameinama pamoja, mabega yamegusana, wakizozana juu ya kabureta na kucheka mpaka spana zinawadondoka.

Mtego waliuweka, tena mkubwa. Kwa wiki tatu ulinasa mara moja tu, kidole cha mkwe, aliyeeleza kwamba alikuwa akiukagua.

Ijumaa jioni mzee alijifuta mikono na kutoa hukumu.

"Kesho ndiyo mwisho. Likiwaka, mkwe wangu, utanirudisha nyumbani kwa gari hili hili. Lisipowaka, basi ugonjwa uko ndani. Tutaishusha injini yote, tuanze upya, nati moja moja."

"Hiyo itachukua muda gani, Baba?"

"Miezi sita. Ikizidi sana, mwaka."

"Mungu apishe mbali," alisema mkwe.

"Apishe mbali kabisa," alisema mzee.

Akaenda kufungasha. Alikunja mashati yake, kisha akapanga vifaa kwenye sanduku: spana, bisibisi, na juu kabisa koleo lake dogo la mpini mwekundu, lile linalobana kitu na kujifunga lenyewe, ambalo hakumruhusu mtu mwingine hata kuligusa. Akapiga kufuli, akauvaa ufunguo shingoni. Mezani walizungumza juu ya safari ya kesho, jinsi barabara ilivyo nzuri siku hizi. Wote watatu walisema wamefurahi, na chakula kingi kilirudi jikoni.

Alfajiri binti alivaa sare yake ya kazi, akatoka kwa kunyata, viatu mkononi. Siku zote aliondoka kukiwa bado giza, ila leo alikuwa amejigeuzageuza kitandani mpaka akachelewa, na kulikuwa kumeshapambazuka. Akafika kwenye gari, akatazama nyuma, akafungua boneti.

Kwenye mdomo wa chujio la hewa kulikuwa na kitambaa cha maua ya njano, kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, kama nguo inayosubiri mwenyewe kuja kuichukua. Chini kidogo, likiwa limeubana mpira wa mafuta mpaka ukawa bapa, kulikuwa na koleo dogo la mpini mwekundu.

Binti alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili mpaka kicheko kikamtoka puani. Kisha akachomoa waya wa koili, kama alivyofanya kila alfajiri, akaishusha boneti taratibu, akaenda kazini.