Kitendawili Chenye Mwenyewe

Kidole cha mjukuu wangu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma nilipomwambia, "Hebu rudia hapo."

Alishusha pumzi. Tasnifu yake ilitakiwa chuoni kabla ya saa kumi. Akasoma: "Wahenga walitega: nikimvaa nauona ulimwengu, nikimvua hata yeye simwoni."

"Wahenga gani?"

"Wahenga tu, Bibi. Wa kale."

"Hao wa kale walikuwa na miwani?"

Kitendawili hicho nilikitunga mimi, jikoni humu humu, siku miwani yangu ilipopotea naye akaikuta ndani ya ndoo ya mchele. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Vitendawili havina mwenyewe, Bibi."

"Na hawa maprofesa uliowajaza kila ukurasa, jina na mwaka, ndio waliokupikia uji? Mimi niliyekulea umeshanizika na wahenga, na mbeleko yako bado ninayo?"

"Bibi, saa inakwenda."

"Na iende."

Nikaivua miwani, nikaiweka juu ya vitufe vyake. Nikajipapasa puani, pale ilipochimba vishimo viwili kwa kukaa miaka yote.

Aliisogeza taratibu, akalifuta neno "wahenga". Kisha kidole kikasimama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Bibi," akasema bila kuniangalia, "hivi jina lako hasa ni nani?"

Nilimtazama, ingawa bila miwani nilikuwa naona ukungu tu.

"Umeshindwa?" nikamwambia. "Basi nipe mji."